Mwongozo wa Kufika Vaduz, Mji Mkuu Ambao Ndege Haziufikii

Ukiuliza njia ya kwenda Paris, watakujibu watu kumi na wote wataanzia uwanja wa ndege. Ukiuliza njia ya kwenda Vaduz, utaulizwa wewe: Vaduz ndiyo nini? Basi tuanzie hapo. Vaduz ni mji mkuu wa Liechtenstein, nchi huru iliyobanwa kati ya Uswisi na Austria katika milima ya Alpi. Nchi hiyo haina uwanja wa ndege. Haina bandari wala haitakuwa nayo. Reli inayo, lakini reli yenyewe haifiki mji mkuu. Na bado kila siku ya kazi maelfu ya watu kutoka nchi jirani huingia humo asubuhi wakaenda makazini, na jioni wakarudi kwao kula chakula cha usiku.

Mwongozo huu ni wa msomaji anayetaka kufika huko, hata iwe kwa siku moja. Ni wa msomaji asiye na mpango wa kwenda pia, ila angependa kujua nchi isiyo na mlango wa mbele inawapokeaje wageni. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ukiruka moja, unaweza kujikuta Austria.

Hatua ya kwanza: Tafuta mto, usitafute jina

Fungua ramani ya Ulaya. Usihangaike na jina la Liechtenstein, kwa sababu kwenye ramani nyingi za ukutani jina hilo ni refu kuliko nchi, na mchoraji hulazimika kuliandika ndani ya ardhi ya mtu mwingine. Tafuta Mto Rhine. Mto huo huanzia katika milima ya mashariki ya Uswisi, ukashuka kuelekea kaskazini hadi ziwa la Bodensee, kisha ukageukia magharibi na kuendelea na safari yake ndefu kupitia Ujerumani na Uholanzi mpaka Bahari ya Kaskazini. Weka kidole pale mto unapokaribia ziwa. Ukingo wa magharibi ni Uswisi. Ukingo wa mashariki, kwa kipande cha kilomita 25 hivi, ni Liechtenstein, na nyuma yake milima inapanda moja kwa moja hadi Austria. Vaduz iko kwenye kipande hicho, nyuzi 47 kaskazini ya ikweta na nyuzi 9 na nusu mashariki ya Greenwich, mita 455 juu ya usawa wa bahari. Kutoka Dar es Salaam, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 6,700.

Sasa ondoa kidole, maana kimeifunika nchi nzima. Eneo lake ni kilomita za mraba 160. Unguja, ambayo mtu wa bara huimaliza kwa daladala kabla ya jua kuchwa, ni kubwa kuliko hiyo mara kumi. Wakazi ni kama 40,000, nao wamegawanyika katika manispaa 11. Vaduz ina watu karibu 6,000 tu, na jirani yake wa kaskazini, Schaan, ina watu wengi kidogo kuliko mji mkuu.

Manispaa ya Vaduz nayo haikai mahali pamoja. Mbali na mji wenyewe, ina vipande vilivyojitenga huko juu milimani, vimezungukwa na ardhi ya manispaa nyingine, mabaki ya mgawanyo wa zamani wa malisho na misitu. Mpanda milima anaweza kuingia Vaduz, akatoka, akaingia tena kabla ya saa sita mchana, na asione hata nyumba moja. Kwa hiyo unapomwambia mwenyeji kwamba umefika Vaduz, mweleze umefika Vaduz ipi: ya maduka au ya ng'ombe.

Hatua ya pili: Iache bahari nyumbani

Msomaji wa Kampala, Kigali au Bujumbura anajua maana ya kuishi mbali na bahari. Lakini Uganda, Rwanda na Burundi kila moja ina jirani mwenye pwani. Liechtenstein haina bahari, Uswisi haina bahari, na Austria haina bahari. Ni nchi iliyofungiwa mara mbili, na duniani nchi za namna hiyo ni mbili tu. Nyingine ni Uzbekistan. Mzigo wa kwenda Kampala ukishushwa Mombasa huvuka mpaka mmoja, Malaba au Busia, ukawa umefika Uganda. Mzigo wa kwenda Vaduz, ushushwe bandari yoyote ya Ulaya, lazima uvuke mipaka miwili au zaidi.

Na usidanganyike na ule mto. Meli za mizigo hupanda Rhine kutoka Rotterdam hadi Basel, mji wa Uswisi ulio kwenye kona ya mpaka wa Ufaransa na Ujerumani, na hapo ndipo safari yao inapoishia. Huku juu Rhine ni mto wa milimani, maji yake ni baridi, yana kasi na rangi ya kijivu yanapojaa. Anayetaka kufika Vaduz kwa chombo cha majini ashauriwe na wazee wake kwanza.

Hatua ya tatu: Bisha hodi kwa jirani

Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi wanahitaji viza ya Schengen. Liechtenstein imo katika eneo la Schengen tangu tarehe 19 Desemba 2011, miaka mitatu baada ya Uswisi. Usitafute ubalozi wa Liechtenstein katika mji wako. Uswisi ndiyo inayoiwakilisha nchi hiyo pale ambapo yenyewe haina ubalozi, na mpango huo umedumu tangu 1919. Ombi la kwenda Vaduz hupelekwa kwa ofisi ya Uswisi inayohudumia nchi yako.

Andaa mambo haya mapema. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na muda wake uzidi siku yako ya kuondoka Schengen kwa miezi mitatu au zaidi. Bima ya safari isipungue euro 30,000 kwa matibabu na gharama za kukurudisha nyumbani. Ada ya viza kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Ombi lisiwasilishwe chini ya siku 15 kabla ya safari wala zaidi ya miezi sita kabla. Weka pia uthibitisho wa mahali utakapolala na wa kipato chako.

Kwenye fomu kuna sehemu ya kutaja nchi unayokwenda hasa. Kama ni Liechtenstein, iandike bila kusita na uambatishe ratiba iliyoeleweka. Afisa wa viza huona maombi mengi ya watu wanaosema wanakwenda kutalii bila kujua wanatalii nini. Mwombaji anayejua kwamba atashuka stesheni ya Sargans, Uswisi, na kumalizia safari kwa basi ameshaonyesha kwamba safari yake ni ya kweli.

Hatua ya nne: Shuka Zurich, usitafute ndege ya mbele

Kutoka Afrika Mashariki unaweza kufika Zurich kwa kupitia Dubai, Doha, Istanbul au Addis Ababa. Zurich ndio uwanja mkubwa ulio karibu na Vaduz, kama kilomita 120 kwa barabara. Vipo viwanja vidogo vilivyo karibu zaidi, Altenrhein upande wa Uswisi na Friedrichshafen upande wa Ujerumani, lakini mtu wa kutoka kwetu hatapata ndege ya kumfikisha huko kirahisi. Ndani ya Liechtenstein kuna kiwanja cha helikopta huko Balzers, kusini mwa nchi. Mwenye helikopta yake hahitaji mwongozo huu, hahitaji hata ratiba ya basi.

Ukaguzi wa pasipoti hufanyika hapo Zurich. Ukipita hapo, hutakutana na dawati jingine la uhamiaji mpaka Vaduz. Ukitoka Tanzania, Kenya au Uganda, rudisha saa yako nyuma kwa saa moja wakati wa kiangazi chao na saa mbili wakati wa baridi. Badilisha fedha uwe na faranga za Uswisi, maana ndizo zinazotumika Liechtenstein pia. Na ujiandae kwa bei. Chakula cha mchana cha kawaida katika bonde hilo hugharimu kiasi ambacho kingelisha familia nzima Kariakoo, na hakuna wa kupatana naye. Mwenye fedha chache anunue mkate, jibini na matunda dukani, ale akiwa amekaa kwenye benchi la bustani. Huko ni jambo la heshima kabisa.

Hatua ya tano: Panda treni ya Chur, ushuke mapema

Uwanja wa ndege wa Zurich una stesheni chini yake. Dakika kama kumi na umefika stesheni kuu ya Zurich. Hapo tafuta treni ya kwenda Chur, kaa upande wa kushoto, na usilale. Kwa muda wa saa moja hivi utapita kando ya Ziwa Zurich, kisha kando ya Walensee, ziwa jembamba lenye kuta za mawe za milima ya Churfirsten zinazosimama wima ng'ambo ya maji. Shuka Sargans. Ukiona kibao cha Landquart, umepitiliza.

Hapa kuna mtego mmoja ambao lazima utajwe. Zipo treni za masafa marefu zinazotoka Zurich kwenda Vienna kupitia Buchs na Feldkirch, nazo hupita ndani ya Liechtenstein. Mtu asiyejua jiografia akiziona kwenye ramani atafurahi: treni inapita nchi hiyo hiyo! Inapita kweli. Haisimami. Reli hiyo ilifunguliwa mwaka 1872, ina urefu wa kilomita zisizofika kumi ndani ya Liechtenstein, na inaendeshwa na shirika la reli la Austria. Treni ya haraka hutumia dakika chache kuivuka nchi yote, na abiria aliyeinamia simu yake anaweza kutoka Uswisi akaingia Austria bila kujua kwamba kati ya nchi hizo kulikuwa na dola lenye bunge na mtawala.

Treni ndogo za abiria husimama kwenye stesheni iitwayo Schaan-Vaduz. Jina hilo limewaliza wengi. Stesheni iko Schaan, na Vaduz iko kilomita chache kusini yake. Mwezi Agosti 2020 wapiga kura wa Liechtenstein waliulizwa kama nchi igharamie upanuzi wa reli hiyo kwa ajili ya treni za mara kwa mara, nao wakakataa. Msomaji wa kwetu aliyeshuhudia miradi ya reli ikiamuliwa bila yeye kuulizwa chochote anaweza kuuheshimu uamuzi huo hata kama unamlazimu kupanda basi.

Hatua ya sita: Basi nambari 11

Nje ya stesheni ya Sargans kuna basi nambari 11 la kampuni ya LIEmobil. Hilo ndilo linalokupeleka mji mkuu, kwa muda wa nusu saa. Hakuna konda wa kumwambia "shusha", wala mpiga debe wa kukuvuta mkono. Lipa nauli, kaa, na bonyeza kitufe unapokaribia kituo chako. Basi huondoka kwa dakika iliyoandikwa kwenye ratiba, lijae lisijae, kwa hiyo mazoea ya kusubiri abiria wa mwisho yaache Ubungo.

Basi litaondoka Sargans, litapita Trübbach, kisha litavuka daraja la Rhine. Katikati ya daraja hilo umetoka Uswisi. Hakuna kizuizi, hakuna askari anayechungulia dirishani, hakuna anayepanga foleni na pasipoti mkononi. Upande wa pili ni Balzers, na utaitambua kwa ngome ya Gutenberg iliyokaa juu ya kilima katikati ya mashamba. Baada ya hapo ni Triesen, na baada ya Triesen ni Vaduz. Shuka kituo cha posta, Vaduz Post, ulipo moyo wa mji.

Hatua ya saba: Au vuka kwa miguu yako

Kama una saa moja ya ziada, miguu mizima na mzigo mwepesi, ninapendekeza njia nyingine, na ninaipendekeza kwa moyo wote. Ukiwa Sargans, panda treni ndogo ya kuelekea Buchs, ushuke stesheni ya Sevelen. Tembea kuelekea mtoni. Utakuta daraja la mbao lenye paa na kuta, lililojengwa mwaka 1901, urefu wake mita 135. Ndilo daraja la mwisho la mbao lililobaki katika sehemu hii ya juu ya Rhine. Magari hayaruhusiwi, ni la waenda kwa miguu na baiskeli.

Ingia ndani ya daraja taratibu. Mbao zinalia chini ya viatu na Rhine inaunguruma chini yake. Mpaka wa nchi mbili upo katikati, umewekewa alama tu. Simama mguu mmoja Uswisi na mwingine Liechtenstein, upigwe picha ukitaka, kisha uendelee. Ukitoka upande wa pili umeshafika manispaa ya Vaduz, na ngome ya mtawala utaiona juu ya mwamba mbele yako. Njia hii ni bora kuliko ya basi kwa sababu inakuonyesha jiografia ya nchi kwa mpangilio wake: kwanza mto, halafu bonde tambarare, halafu mashamba ya mizabibu, halafu mlima.

Ukipotea kidogo njiani, usifadhaike. Mwanzoni mwa Machi 2007, kikosi cha askari wa Uswisi wapatao 170 waliokuwa mazoezini usiku, mvua ikinyesha, kilivuka mpaka na kuingia Liechtenstein bila kujua. Walipogundua waligeuka wakarudi. Liechtenstein haikupiga kelele, na isingekuwa na jeshi la kuwazuia, kwa kuwa jeshi lake ililivunja mwaka 1868. Kama watu wenye ramani, dira na maafisa waliweza kuingia nchi hiyo kimakosa, wewe unayeingia kwa makusudi umeshawazidi.

Hatua ya nane: Usione haya kwa kuchelewa

Huenda umeshazidi umri wa miaka 40 na bado hujafika Vaduz. Tulia. Wenye nchi walichelewa kuliko wewe. Ukoo wa Liechtenstein ulikuwa wa matajiri walioishi Vienna na Moravia. Walitaka kiti katika baraza la Dola Takatifu la Kiroma, na kiti hicho kilihitaji ardhi iliyo moja kwa moja chini ya Kaisari. Wakanunua Schellenberg mwaka 1699 na Vaduz mwaka 1712. Mwaka 1719 Kaisari Karl VI akaziunganisha na kuzifanya utemi wenye jina la ukoo wao.

Wakapata kiti. Kisha wakabaki Vienna. Mtu wa kwanza wa ukoo huo kukanyaga nchi hiyo alifika mwaka 1818, karibu karne nzima baada ya nchi kupewa jina lao. Mtemi wa kwanza kuhamia na kuishi Vaduz alikuwa Franz Josef II, mwaka 1938. Kutoka Vienna hadi Vaduz ni mwendo usiofika hata kilomita 700, na ukoo ulitumia zaidi ya miaka 200 kuukamilisha. Wewe umetoka mbali mara kumi zaidi.

Hatua ya tisa: Ukifika, kaa

Hapa ndipo wageni wengi wanapoharibu. Basi la watalii husimama, watu hushuka, hupiga picha ya ngome kutoka chini, huenda kituo cha wageni kugongewa muhuri wa kumbukumbu kwenye pasipoti kwa faranga chache, kisha hurudi garini. Wamefika, lakini hawajaona kitu. Nchi iliyodumu zaidi ya miaka 300 katikati ya madola yaliyoanguka inastahili zaidi ya muhuri.

Lala usiku mmoja. Asubuhi tembea barabara ya Städtle, isiyoruhusu magari. Tazama jengo la bunge lililofunguliwa mwaka 2008, lenye paa refu la mwinuko mkali, ambamo huketi wabunge 25 tu. Ingia jumba la sanaa la taifa, jengo jeusi lililofunguliwa mwaka 2000, na jumba la makumbusho lililo karibu yake. Panda njia ya miguu kuelekea ngome. Ni kama dakika ishirini za jasho. Ndani hutaingia, kwa sababu familia ya mtemi inaishi humo, lakini kutoka hapo utaliona bonde lote: mto, madaraja, viwanda, mashamba, na ukuta wa milima ya Uswisi upande wa pili. Ukifika tarehe 15 Agosti, siku ya taifa, utakuta sherehe kwenye uwanda wa karibu na ngome, na usiku fataki.

Mpenzi wa soka aende uwanja wa Rheinpark, uliojengwa hatua chache kutoka mtoni. FC Vaduz inacheza katika ligi za Uswisi, kwa kuwa Liechtenstein yenye klabu saba haina ligi yake. Inalo kombe lake la taifa, na bingwa wa kombe hilo huingia mashindano ya Ulaya. Kwa njia hiyo, msimu wa 2022/23 klabu hiyo ilifika hatua ya makundi ya Conference League ikiwa inacheza daraja la pili la Uswisi.

Halafu simama kituo cha posta saa kumi na moja jioni. Utaona mabasi yanajaa watu wanaorudi Uswisi na Austria. Zaidi ya nusu ya wanaofanya kazi Liechtenstein hawaishi humo; wanatoka ng'ambo ya mpaka kila siku kwenda kwenye benki, ofisi na viwanda, kikiwemo kile cha vifaa vya ujenzi cha Hilti, kilichoanzishwa Schaan mwaka 1941. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Liechtenstein imeijenga nchi nzima juu ya msingi huo.

Hatua ya mwisho: Uliza nani aliyekufungulia

Ukitafakari safari yako utaona jambo moja. Viza ulipewa na Uswisi. Fedha mfukoni ni za Uswisi. Reli ya Schaan ni ya Waaustria. Mpaka ulivuka bila kusimama. Hakuna hata hatua moja ambayo Liechtenstein ingeweza kuifanikisha peke yake, na hakuna hata moja iliyotokea kwa bahati.

Kuanzia mwaka 1852 nchi hiyo ilikuwa na umoja wa forodha na Austria. Austria ilipovunjika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, fedha yake ikaporomoka na Liechtenstein ikabaki na karatasi zisizo na thamani. Wakageuka upande wa pili wa mto. Mkataba wa forodha na Uswisi ulisainiwa mwaka 1923 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 1924, na mwaka huo huo faranga ikawa fedha rasmi ya nchi. Wapiga kura wa Uswisi walipokataa kujiunga na Eneo la Kiuchumi la Ulaya mwaka 1992, Liechtenstein iliurekebisha mkataba wake na jirani kwa mazungumzo, ikajiunga na eneo hilo peke yake mwaka 1995, na mpaka wa forodha na Uswisi ukabaki wazi. Haikumwacha mmoja ili kumpata mwingine. Na hakuna anayesema nchi hiyo imepoteza uhuru: ina bunge, mahakama, mtemi na kura za maoni ambazo wananchi huzitumia. Padogo pako si pakubwa pa mwenzako, na wao padogo pao wamepalinda kwa kusaini mikataba na kuiheshimu.

Sisi pia tunayo mikataba. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wameweza kusafiri kati ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa. Rusumo, Namanga na Holili zina vituo vya pamoja ambapo msafiri husimama mara moja tu. Hayo ni mafanikio na yapongezwe. Lakini Februari 2019 mpaka wa Gatuna, njia kuu kati ya Kampala na Kigali, ulifungwa, na ulifunguliwa tena mwishoni mwa Januari 2022. Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda. Kigali na Bujumbura kila mmoja una uwanja wa ndege wa kimataifa. Uwanja huo haumsaidii mama anayeuza nyanya kilomita tano kutoka mpakani, ambaye shangazi yake, wateja wake na shule ya mtoto wake viko upande wa pili.

Vaduz haina uwanja wa ndege na inafikika na kila mtu wa bonde lile, tajiri na maskini, kwa basi na kwa miguu. Huo ndio ufikikaji wa kweli, na unatengenezwa na majirani wanaokaa mezani na kushikilia walichosaini, hata siku wanapokasirikiana.

Kwa hiyo nenda Vaduz ukipata nafasi. Usipoipata, soma ramani yake na uwaonyeshe watoto. Na mgombea wa ubunge atakapokuja kukuomba kura, au mbunge wetu wa Bunge la Afrika Mashariki atakapofika kwenye mkutano, msimamishe umuulize waziwazi: ni mwaka gani Mrundi na Mnyarwanda watavuka mpaka wao kama watu wa Sevelen na Vaduz wanavyovuka Rhine? Usiketi mpaka akujibu.